Futikamba yangu ilienda shule

Mhariri, mliuliza: "Wiki hii mtoto wako amerudi na nini kutoka shuleni?" Wangu amerudi na kitu changu mwenyewe. Futikamba. Ilitoka Jumanne asubuhi bila kuaga, ikarudi Alhamisi ikiwa na kesi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Goma. Kibanda changu ni cha mbao, kimesimama juu ya mawe ya volkano, yale yaliyoshuka Januari 2002 yakapita katikati ya mji. Binti yangu yuko mwaka wa nne. Shule yake nayo ni ya mbao na mabati, na darasani wanakaa wanne, saa nyingine watano, kwenye dawati la watu watatu. Tangu Septemba 2019, serikali ilipotangaza kwamba shule za msingi za umma ni bure, watoto wamejaa mpaka mlangoni. Sina la kulalamika sana. Kaka yake nilimlipia, na nakumbuka asubuhi alizorudishwa nyumbani kwa deni, amebeba mfuko wake, anatembea polepole ili majirani wasimwone. Afadhali kubanana.

Jumatatu haikuwa na mambo: bendera, wimbo wa taifa, kukaguliwa kucha. Alirudi na mstari mmoja tu kwenye kaye yake, yaani daftari, kwamba kesho kila mtu aje na kitu cha kupimia. Hakunisomea. Angenisomea ningempa kamba.

Jumanne saa moja na nusu alikuja mama mmoja na kitenge chake cha harusi, anataka nimpime. Nikapeleka mkono shingoni, hakuna kitu. Nikainua vitambaa, nikachungulia chini ya cherehani, nikamwuliza kijana ninayemfundisha kazi. Hakuna. Nilijiona kama nimetoka nyumbani bila shati. Ikabidi nikate uzi mrefu, nikapima kama alivyonifundisha mzee aliyenipa kazi hii: fundo moja kifua, mafundo mawili kiuno, matatu nyonga.

"Fundi, siku hizi unapima kwa uzi?"

"Mama, uzi haudanganyi."

Nilisema tu ili nijitoe aibuni. Sikujua ninasema kweli kiasi gani.

Jioni binti akaingia bila futikamba. Iko kwa Madamu, alisema, kwenye sanduku la chaki, na kesho wanaendelea nayo. Nilitaka kufoka, lakini alikuwa ameshaanza kupima meza yetu kwa shibiri, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, ulimi nje kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Basi nikamwacha aeleze.

Madamu aliwaambia kwanza waweke chini vyote walivyoleta. Kulikuwa na kamba, late (rula) za plastiki, kijiti cha muwa, na mita ya kukunja ya seremala. Akasema: pimeni dawati kwa mikono yenu. Mmoja akapata shibiri 7. Jirani yake, dawati lile lile, akapata 8 na kidogo. Yule mrefu wa nyuma akapata 6. Madamu hakumwambia mtu kwamba amekosea. Aliandika majibu yote ubaoni, moja chini ya lingine, mpaka ubao ukaanza kujaa, halafu akageuka akauliza: "Sasa mimi nikitaka kuagiza dawati kwa seremala, nimpe jibu la nani?"

Binti anasema darasa zima lilinyamaza, na kwa darasa lile hilo si jambo dogo.

Kisha akawapa vipimo vya wazee: shibiri 2 ni dhiraa, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, dhiraa 4 ni pima, mikono yote miwili ikinyooshwa. Bibi yangu alikuwa akinunua nguo kwa mikono, na nilimwona kwa macho yangu akitafuta mtu mwenye mikono mirefu wa kwenda kumnunulia. Usiku huo nyumba yangu yote ilipimwa. Mwiko wa mama yake: shibiri 3 kasoro. Mdogo wake wa kiume, aliyelazwa chini akicheka: shibiri 6.

Sehemu iliyonikaa zaidi ni ya mita yenyewe. Waliambiwa kwamba ilitungwa Ufaransa, miaka ya 1790, na kwamba waliotunga hawakutaka mkono wa mfalme wala mguu wa mtu yeyote. Walitaka kitu ambacho si cha mtu. Wakachukua umbali kutoka Ncha ya Kaskazini mpaka ikweta, wakaugawa mara milioni 10, na kipande kimoja ndicho mita. Binti alichoshika ni kwamba ikweta inapita hapa hapa mkoani kwetu, kati ya Lubero na Butembo. Kwa hiyo kwake yeye mita ilianzia huko juu kwenye barafu, ikateremka, ikaja kuishia karibu na kwa shangazi yake. Sikumsahihisha. Kaka yake ndiye aliyetafuta kwenye simu na kukuta kwamba wale wataalamu hawakufika ncha yoyote: walipima kipande cha kutoka Dunkerque mpaka Barcelona, mengine wakayapata kwa hesabu. Na wakakosea kidogo. Mita yao ilitoka fupi kwa kama sehemu 2 za kumi za milimita.

"Basi hata wao," binti akasema, akaenda kulala.

Jumatano ilinyesha. Anayejua mabati anajua: mvua ikishapiga, mwalimu anabaki kufungua mdomo tu. Madamu ana sauti ndogo. Walinakili jedwali la mita, desimita, sentimita na milimita kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, wakarudi nyumbani na viatu mkononi. Mimi nikashinda na uzi wangu.

Alhamisi nilichoka, nikaenda mwenyewe. Nilifika wakiwa katikati ya somo, nikasimama mlangoni na kofia mkononi. Madamu akasema, "Karibu, Fundi, tulikuwa tunakusema." Watoto sitini wakanigeukia. Binti yangu akaangalia chini.

Mbele, juu ya meza, ilikuwa imelala mita ya ubao ya darasa, ya rangi ya njano, namba zake zimeanza kufutika. Ndiyo pekee waliyo nayo. Kando yake futikamba yangu, imenyooshwa, mtoto mmoja kashika sifuri sawasawa na mwanzo wa ubao. Madamu akaniomba nisome. Nikainama. Mwisho wa mita ya ubao, pale penye 100, futikamba yangu ilikuwa bado kwenye 98 na nusu.

"Papa, yako inasema nonante-huit na nusu," binti akasema kwa sauti ya kuomba radhi. (Huku kwetu tunahesabu nonante kama Wabelgiji, Wafaransa wenyewe tisini wanaizungusha mpaka unasahau ulikuwa unauza nini.)

Nikasema mita ya shule ndiyo mbovu, ni nzee, angalieni namba zake. Nilisema hivyo, siwafichi. Madamu hakubishana. Alimwita mtoto wa seremala, akakunjua mita ya baba yake: ikalingana na ubao, mwisho kwa mwisho. Wakapanga late tatu za sentimita 30 na kuongeza vidogo 10 vya ya nne: ikalingana. Iliyobaki peke yake ilikuwa ya kwangu. Niliivaa miaka mingi. Nimeivuta kwenye viuno vya watu, nimeisahau karibu na pasi ya makaa, jasho la shingo limeiingia. Imelegea, imekuwa ndefu, na kila sentimita yake imenenepa kidogo bila kubadilisha jina.

Sasa watoto wakaanza. Kumbe nguo zote za Fundi ni mbaya! Sare zetu je? Mmoja akavuta shati lake kifuani kuangalia kama ni kweli. Madamu akawaacha wapige kelele, halafu akauliza swali ambalo mimi ningelilipia: "Fundi amekupima kwa futikamba hii, kisha akapima kitambaa kwa futikamba hii hii. Shati litakukaa au halitakukaa?"

Waligawanyika. Alikuwapo kijana mmoja wa dawati la tatu, mdogo kuliko wenzake, kaptula imefungwa kwa kamba. Alisimama akasema: "Litakaa. Kama amenidanganya mimi na kitambaa amekidanganya vilevile, tumelingana."

Sijawahi kusikia kazi yangu ikielezwa vizuri namna hiyo. Nikapumua. Nikawaambia ndiyo, na ndiyo maana hata uzi wenye mafundo unatosha, kwa sababu hauna namba za kukosea. Nikaongeza, kwa kuwa nilishaanza kujisikia mwalimu, habari ya mteja wangu wa Bukavu. Yeye hunitumia vipimo kwa simu. Amepimwa huko, kwa futikamba ya huko. Aliniambia urefu wa suruali 100, nikakata 100 yangu, na suruali ikafika Bukavu inaburuta chini. Kiuno kikamlegea. Nilimwambia amekonda. Nilimwuliza hata kama ameumwa.

Walicheka mpaka Madamu akagonga meza.

Hapo binti yangu akanyoosha kidole. Mtoto wako akinyoosha kidole darasani ukiwa umesimama mbele, jiandae. "Papa, na kile kitambaa unachonunua Birere, yule mama anapima na nini?"

Nikanyamaza.

Niwaeleze. Kitambaa cha sare, ile bluu ya sketi na suruali, ninanunua kwa mama mmoja Birere, mtaa wa biashara hapa mjini. Anapima kwa fimbo yake ya mbao. Kila nikinunua mita 3, ninatoa futikamba yangu palepale juu ya meza yake, ninapima tena, na kila mara inapungua sentimita 4 na nusu hivi. Kila mara. Ninasema, "Mama, umenikata tena." Yeye anaapa. Wanunuzi wengine wanageuka kutazama. Mwisho anaguna, anasogeza mkasi vidole vinne mbele, anakata hapo, ananitupia. Nimeyafanya hayo tangu mwaka wa shule wa jana. Nilikuwa nikiwasimulia mafundi wenzangu kama ushujaa.

Madamu alinirudishia futikamba yangu kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Ijumaa ilikuwa salongo, kazi ya mikono ya pamoja: kuokota mawe uwanjani, ambayo Goma hayaishi, na baada yake mtihani mdogo. Alipata 8 juu ya 10. Kosa moja lilikuwa hili: aliandika kwamba kimo cha Madamu ni mita 160. Nikamwambia Nyiragongo yenyewe, volkano yetu, ina mita 3470, Madamu amebakiza kidogo tu. Alicheka, akaongeza herufi iliyopungua, ile c ya sentimita, akarudi kwenye karatasi nyingine aliyokuwa akiiandika pembeni. Nikadhani ni kazi ya shule. Ilikuwa hesabu yangu. Aliniuliza Birere nimekwenda mara ngapi, nikasema labda mara 20. Sentimita 4 na nusu mara 20: sentimita 90. "Karibu mita nzima, Papa. Ya bluu."

Nimenunua futikamba mpya. Hakuniruhusu kuitumia mpaka ipite shuleni ilale kando ya ule ubao wa njano. Imepita.

Jumamosi mchana tulikwenda Birere wote wawili. Niliomba mita 3. Yule mama akapima kwa fimbo yake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara akibana kidole gumba pale fimbo ilipoishia. Akashika mkasi. Halafu akauweka chini, akakunja mikono, akaningoja.

"Haya, Fundi. Iko wapi?"

"Kata hapo hapo, Mama."

Akaniangalia, akamwangalia mtoto. Mtoto akanibana kidole kidogo, kwa nguvu, na kwenye mkono wake wa pili nikaona ameshika ile karatasi ya hesabu, imekunjwa mara nne.

"Mama," nikasema, "una nafasi kidogo? Kuna jambo nataka kukwambia."

Akavuta kiti, akakipangusa, akaniwekea.

Fundi cherehani, Goma