Kuhamisha leseni ya baa kutoka Kasarani

Ndugu, umeuliza kama leseni ya baa yako ya Kasarani, Nairobi, itatumika ukihamia Ruiru. Haitatumika. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010, leseni za pombe ziko chini ya kaunti, na Ruiru iko Kaunti ya Kiambu. Huko utaomba upya, na ada ya Nairobi haihesabiwi.

Hata kuhamia Embakasi, ndani ya Nairobi, si suala la kubeba karatasi tu, kwa sababu leseni imefungwa kwa jengo lililotajwa ndani yake. Usifungue kabla kamati ya kaunti ndogo unakoenda haijakagua na kuidhinisha.

Kabla ya kulipa goodwill, yaani pesa za kuachiwa nafasi ya biashara, pima umbali kutoka shule za karibu. Sheria ya kudhibiti pombe ya 2010, ile watu huita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inataka mita 300 kutoka shule yoyote ya watoto, chekechea ikiwemo. Wengi hukwama hapa: chekechea iko ghorofani nyuma ya duka na hakuna aliyeiona. Muulize chifu na majirani, maana ndio wanaoweza kupinga ombi lako.

Mkataba wa kupanga nao uwe na kipengele cha kurudishiwa deposit leseni ikikataliwa. Landlord akikataa hilo, tafuta jengo lingine.