Tyson ni wa ngapi? Maswali yenu ya masumbwi na majibu

Safari hii karibu kila aliyeandika amemtaja Mike Tyson, hata waliokuwa na swali la mtu mwingine. Tuyamalize.

Kijiweni kwetu tumegawanyika. Wapo wanaosema Tyson ni wa kwanza katika mabondia wa uzito wa juu wa nyakati zote, wengine wanasema hata kumi bora hayumo. Wewe unamweka wapi? (Msomaji, Morogoro)

Wa kumi. Juu yake nawaweka Joe Louis, Muhammad Ali, Larry Holmes, George Foreman, Lennox Lewis, Rocky Marciano, Jack Johnson, Joe Frazier na Evander Holyfield. Mkinibana sana nitampandisha hadi wa nane. Zaidi ya hapo sipandi.

Tatizo la kijiwe chenu ni kubishana kabla ya kukubaliana mnapima nini. Mimi napima mambo matatu. Alimpiga nani, na huyo mtu alikuwa katika hali gani siku ile? Alikaa kileleni muda gani? Na siku mambo yalipomgeukia, alifanya nini?

Kwenye la kwanza Tyson ana alama nzuri, ila si nzuri kama mnavyodhani. Tony Tucker alikuja Agosti 1987 hajapoteza pambano, akapigwa kwa pointi katika raundi 12, na hapo Tyson akawa na mikanda yote mitatu ya ubingwa wa dunia, ya vyama vya WBC, WBA na IBF. Pinklon Thomas alikuwa bondia kamili, akaanguka raundi ya 6. Michael Spinks alikuwa na ushindi 31 bila kupoteza, akamalizwa kwa sekunde 91 tarehe 27 Juni 1988. Msisahau tu kwamba Spinks alipanda kutoka uzito wa chini, na usiku ule aliingia ulingoni akiwa ameshashindwa usoni. Holmes aliyepigwa Januari 1988 alikuwa na miaka 38 na hakuwa amepigana tangu Aprili 1986. Huo ni ushindi, lakini si ushindi dhidi ya Holmes yule wa 1980.

La pili ni fupi. Kutoka kumpiga Trevor Berbick Novemba 1986 hadi kuanguka Tokyo Februari 1990 mbele ya Buster Douglas ni miaka mitatu na ushei, akitetea ubingwa mara 9. Joe Louis alikaa miaka 11 na miezi 8, akautetea mara 25. Holmes alikaa miaka saba.

La tatu ndilo linalomshusha. Tyson hakuwahi kuangushwa, akainuka, kisha akashinda. Wala hakuwahi kurudi kwa aliyemshinda akalipa kisasi. Louis alimrudia Schmeling, Ali akawarudia Frazier, Norton na Leon Spinks, Lewis akawarudia McCall na Rahman. Tyson alipomrudia Holyfield mwaka 1997 aliishia kuondolewa raundi ya 3 kwa kuuma sikio.

Kama swali lingekuwa "nani alikuwa wa kutisha zaidi katika miezi 20 mfululizo", ningemweka kwenye watatu wa juu bila kusita. Lakini hilo ni swali lingine, na watu wa kijiweni huyachanganya makusudi.

Tyson alimpiga Holmes, Holmes alimpiga Ali. Hesabu si imekwisha? (Msomaji, Mombasa)

Berbick naye alimpiga Ali, Desemba 1981. Mpange na yeye basi.

Nani angeshinda, Tyson wa 1988 au Ali wa 1966?

Ali, kwa pointi au kwa mwamuzi kusimamisha baada ya raundi ya 8. Swali hili linaletwa kila mara na watu ambao hawajawahi kutazama raundi 12 za Tyson na Tucker. Tazameni kwanza, halafu mje.

Pale Tokyo Tyson aliibiwa. Douglas alikaa chini zaidi ya sekunde 10. Kwa nini hamsemi ukweli? (Msomaji, Bukoba)

Tunausema kila mwaka, ninyi ndio hamtaki kuusikia. Mwishoni mwa raundi ya 8 Douglas aliangushwa kwa ngumi ya mkono wa kulia iliyotoka chini. Mwamuzi Octavio Meyran alichelewa kuanza kuhesabu, hesabu yake ikawa nyuma ya ile ya mtunza muda. Kwa saa ya mkononi, ndiyo, Douglas alipitisha sekunde 10. Ila bondia aliyeanguka hahesabu kwa saa. Anatazama vidole vya mwamuzi. Anayejua kazi yake hubaki goti moja chini mpaka 8 au 9, apumzike, ndipo ainuke. Douglas aliinuka kwenye 9. Amevunja sheria gani?

Ukitaka hesabu ndefu yenye kisa chake, nenda Chicago 1927. Jack Dempsey alimwangusha Gene Tunney akabaki amemsimamia badala ya kwenda kwenye kona ya pembeni, mwamuzi akasubiri kwanza aondoke. Hapo kosa ni la aliyeangusha. Tokyo kosa lilikuwa la mwamuzi, na mabondia wote wawili hawahusiki.

Tena mnaing'ang'ania raundi ya 8 kana kwamba zile nyingine hazikuchezwa. Douglas ana mikono yenye upana wa sentimita 211, Tyson 180. Pambano zima alimchoma jabu (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele) usoni, akafuatisha mkono wa kulia, Tyson alipoingia akamkumbatia, akamsukuma, wakaanza upya. Kona ya Tyson haikuwa hata na kile chuma baridi cha kukandamizia uvimbe. Walijaza maji ya barafu kwenye glavu ya mpira wakambandika jichoni. Kocha wake Kevin Rooney, aliyekuwa akimfokea atikise kichwa, alishafukuzwa tangu 1988. Na bado baada ya raundi 9 jaji mmoja alikuwa na Tyson mbele 87 kwa 86, mwingine sare 86 kwa 86, wa tatu Douglas 88 kwa 82. Kama kuna wa kulalamikia majaji, ni Douglas.

Wenye mikeka nao wasikie: kule Las Vegas Douglas alipewa 42 kwa 1. Bei ya mkeka inaonyesha watu wameweka wapi pesa zao tu, basi.

Kupigwa na Jake Paul kunahesabika? (Msomaji, Kigali)

Kwenye rekodi ndiyo, lilikuwa pambano rasmi la kulipwa, Novemba 2024, na Tyson alikuwa na miaka 58. Kwenye nafasi yake hapana. Waliolipitisha ndio wangeulizwa maswali.

Rocky Marciano alistaafu na 49 bila kupoteza. Kwa nini asiwe wa kwanza? (Msomaji, Arusha)

Kwa sababu sifuri haimtaji mtu yeyote uliyempiga. Joe Louis aliyempiga 1951 alikuwa na miaka 37, Jersey Joe Walcott wa 1952 alikuwa na 38. Alitetea ubingwa mara 6 tu. Uzito wake wa kawaida ulikuwa kama kilo 84, leo asingefika hata kikomo cha cruiserweight, daraja la chini ya uzito wa juu, kilo 90.7.

Lakini kwenye kipimo changu cha tatu Marciano anampita Tyson kwa mbali. Siku ya Walcott aliangushwa raundi ya kwanza, akawa nyuma kwa majaji wote watatu, na raundi ya 13 akammaliza kwa ngumi moja ya kulia. Ndiyo maana yuko juu yake, hiyo 49 ni ziada.

Tyson alishinda 50, kati ya hizo 44 kwa KO. Takwimu hazidanganyi. (Msomaji, Dar es Salaam)

Deontay Wilder alipofikisha ushindi 40 alikuwa na KO 39. Yupo kwenye kumi bora yako?

Ni kweli Ali alimshinda Foreman kwa sababu kamba za ulingo zilikuwa zimelegezwa? (Msomaji, Lubumbashi)

Kamba zililegea, joto na unyevu wa Kinshasa hufanya hivyo, na kamba iliyolegea inamruhusu mtu kuegemea nyuma kidevu kikawa mbali. Lakini kamba ni zilezile kwa wote wawili. Kilichomshinda Foreman ni pumzi. Mapambano yake matatu ya ubingwa kabla ya pale yaliisha raundi ya kwanza au ya 2. Tarehe 30 Oktoba 1974, karibu saa kumi alfajiri ili Wamarekani waone usiku wao, alitupa ngumi za kuzungusha kwa nguvu zote, nyingi zikaishia mikononi na mabegani. Kufika raundi ya 5 mikono ikawa mizito.

Watu husahau kwamba Ali hakujilaza kwenye kamba mwanzo mwisho. Raundi ya kwanza alimpiga Foreman mikono ya kulia ya moja kwa moja bila kutanguliza jabu, jambo ambalo mabondia huliogopa kwa kuwa mkono huo unasafiri mbali na unaonekana. Na kila alipokuwa kwenye kamba alirudisha ngumi fupi sekunde za mwisho za raundi, majaji wakiwa macho. Raundi ya 8 Foreman akaanguka.

Makocha wa mtaani, msiwafundishe vijana kuegemea kamba na kupokea. Ali alifanya hivyo hata mazoezini, akiwaachia wenzake wampige. Mwaka 1984 alitangazwa kuwa na Parkinson.

Mwanangu ana miaka 14, nataka kocha amfundishe mtindo wa Tyson. Tuanzie wapi? (Mzazi, Nakuru)

Anzeni na futi kamba ya kupimia urefu. Mtindo ule Cus D'Amato, kocha aliyemlea Tyson, aliufundisha hata kwa Floyd Patterson, naye alikuwa mdogo wa mwili kwa uzito wa juu. Faida yake ni kumwingiza mfupi ndani ya mikono ya mrefu. Kama mtoto ni mrefu kuliko wenzake, mfundisheni jabu na miguu, mtanishukuru.

Kama ni mfupi, glavu zikae kwenye mashavu, viwiko vibane mbavu, miguu karibu ilingane, magoti yakunjwe. Kichwa kitangulie kutikisika kabla ya ngumi na kitikisike tena baada ya ngumi. Akikwepa jabu kwa nje, mguu wake utue nje ya mguu wa mbele wa mpinzani, ndipo apige mbavu kwa mkono uleule utakaopanda kidevuni. Zoezi la msingi ni kifuko kidogo kinachoning'inia usawa wa pua: kisukume, kikwepe kinaporudi, mikono isitumike, raundi 3 za dakika 2 zinamtosha. Jingine ni kamba iliyofungwa usawa wa mabega, apite chini yake huku na huku akitembea.

Yanakoharibika ni hapa. Mtoto hukunja kiuno badala ya magoti, anajipeleka mwenyewe kwenye ngumi ya chini. Huangalia sakafu. Hukwepa kwa mdundo mmoja, mpinzani akaushika na kumsubiri. Na miguu ikichoka raundi ya 3, kichwa kinasimama; hapo amebaki mfupi anayetembea kuelekea jabu, kama Tyson wa Tokyo.

Shingo aijenge kwa kukinza kiganja chake mbele, nyuma na pembeni. Asifanye daraja la kichwa (kujiinua mwili kwa kuegemea kichwa sakafuni) lenye uzito juu. Akipigwa mazoezini akapata kizunguzungu, kutapika au kuumwa kichwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiguse pambano la mazoezi kwa mwezi mzima na arudi kwa ruhusa ya daktari. Kofia ya kichwani huzuia kuchanika ngozi, ubongo haiuzuii kutikisika. Kocha akibisha hilo, badilisheni kocha.

Usyk hana ngumi nzito, kwa nini mnamsifu? (Msomaji, Kampala)

Amempiga Anthony Joshua mara mbili, Daniel Dubois mara mbili, Tyson Fury mara mbili, wote warefu na wazito kuliko yeye. Desemba 2024 Fury alimzidi zaidi ya kilo 20. Mikanda yote ya cruiserweight alishaikusanya 2018. Namweka mlangoni mwa kumi bora, na wa kwanza kusogea kumpisha ni Tyson.

Nitazame mapambano gani ili nami nibishane vizuri? (Msomaji, Zanzibar)

Thomas 1987, Tucker 1987, Tokyo 1990, Ruddock mara zote mbili 1991, Holyfield 1996. Yote mwanzo hadi mwisho. Vipande vya dakika moja vya mtandaoni vimekatwa na mtu aliyekwisha kuamua. Zima sauti, chukua karatasi, andika 10 kwa 9 kila kengele ikilia, 10 ni ya aliyeshinda raundi. Pambano la Tucker anza nalo, na raundi ya kwanza tazama Tyson anavyorudishwa nyuma kwa ngumi ya kushoto.