Je, tunaweza kuwabana matajiri wa msikiti watoe zaidi ya zaka?

SWALI: Assalaam aleikum Sheikh. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya msikiti wetu hapa South C, Nairobi. Tuna waumini wenye magorofa ya kupangisha na maduka ya jumla Eastleigh, lakini ndoo ikipita Ijumaa wanatia noti ya mia sawa na kijana wa bodaboda. Tukiwaambia, wanajibu: "Zaka tumeshatoa, la ziada ni hiari." Nasikia matajiri wa Marekani, akina Warren Buffett na Bill Gates, tangu 2010 wanahimizana kuahidi nusu ya mali zao au zaidi. Je, inafaa na sisi tuwabane wetu? Wenzangu wanataka majina na viwango visomwe kwa kipaza sauti, kama harambee.

JAWABU: Waaleikum salaam warahmatullah.

Kabla ya la ziada, hiyo zaka yenyewe imehesabiwaje? Wengi huangalia pesa zilizo benki tu. Mfanyabiashara mwenye stoo iliyojaa marobota ya vitambaa hadi darini anatakiwa ayathamini kwa bei ya soko siku mwaka wake wa Hijria unapotimia. Yakiwa ya milioni 40, zaka, yaani asilimia mbili na nusu, ni milioni moja. Ploti za Ruiru au Kitengela alizonunua ili aziuze bei ikipanda ni bidhaa vilevile. Gorofa la kupangisha, kwa kauli ya wanazuoni wengi, halitolewi zaka kwa thamani ya jengo, bali kwa kodi iliyobaki mkononi ikatimiza nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, na mwaka. Kamati haina haki ya kudai vitabu vya mtu. Lakini mkimleta mjuzi wa hesabu hizi kabla ya Ramadhani, akae na kila anayetaka faraghani, huenda mkapata kuliko ndoo ya mwaka mzima.

Sasa hilo la ziada. Ni kweli kwamba kwa kawaida hakuna wajibu wa kudumu juu ya mali ila zaka. Ila soma Al-Baqara aya ya 177: Mwenyezi Mungu ametaja kuwapa mali jamaa, mayatima, masikini na waombaji, kisha akataja kusimamisha Swala na kutoa zaka, kama jambo jingine. Ndiyo maana wako wanazuoni waliosema mali ina haki nyingine mbali na zaka, na wakakubaliana kwamba mwenye njaa hafi ilhali jirani yake ana uwezo. Kutoka Muthaiga kwa matajiri hadi Mathare kwenye mabanda ni mwendo wa dakika chache kwa gari; asiseme mtu hakuona.

Kuhusu nusu: Mtume alipohimiza sadaka, sahaba Umar alileta nusu ya mali yake, Abubakar akaleta yote. Lakini sahaba mwingine, Kaab bin Malik, alipotaka kutoa yote, Mtume (s.a.w.) alimwambia abakishe kiasi. Hakuna kipimo kimoja cha watu wote. Mumin tajiri ajue tofauti moja: ile ahadi ya Wamarekani inaweza kutimizwa kwa wasia baada ya kifo, ilhali sisi wasia wetu una mwisho. Sahaba Saad bin Abi Waqqas alikatazwa na Mtume kuusia zaidi ya thuluthi, akaambiwa na thuluthi ni nyingi. Iliyobaki ni ya warithi. Anayetaka kuvuka hapo atoe akiwa hai na mzima. Mtume alipoulizwa sadaka iliyo bora, alitaja ile unayotoa ukiwa na afya, bado unaipenda mali na kuogopa ufukara, si ya kungoja roho ifike kooni.

Na namna ya kuhimiza tunayo. Sahaba Jarir bin Abdillahi amesimulia kwamba watu wa kabila la Mudhar walifika Madina hawana viatu, wamevaa vipande vya sufi. Uso wa Mtume ukabadilika alipoona hali yao. Akaswalisha, akahutubia, akataka kila mtu atoe katika dinari yake, dirhamu yake, nguo yake, hata nusu ya tende. Hakumtaja mtu. Akaja Ansari mmoja, yaani Mwislamu mwenyeji wa Madina, na mfuko ambao mkono wake ulikaribia kushindwa kuubeba, watu wakamfuata mpaka yakapatikana marundo mawili, la chakula na la nguo. Hapo ndipo aliposema kwamba mwenye kuanzisha mwendo mwema anapata ujira wake na ujira wa watakaoufuata. Mtafuteni huyo wa kwanza. Kaeni naye nyumbani kwake, mumwonyeshe haja yenyewe: mayatima wangapi, karo kiasi gani. Akikubali kujulikana ili wenziwe waige, si riyaa, yaani kujionyesha, kwani Al-Baqara 271 imesifu sadaka ya wazi, ingawa ya siri ni bora.

Kusoma orodha nzima kwa kipaza sauti sioni kheri yake. Mwenye milioni atajigamba, mwingine ataahidi asichokusudia kulipa, na yule kijana wa boda mtamwaibisha kwa mia yake. Waliowacheka wasio na kitu ila juhudi yao wametajwa kwa ubaya katika At-Tawba 79. Tangazeni haja, jumla iliyopatikana na ilikokwenda. Na kwa kuwa wewe ndiye mweka hazina, bandika hesabu ubaoni kila mwezi: matajiri wengine wamefunga mkono kwa sababu hawajawahi kuona kamati ikionyesha risiti.

Wallahu aalam.