Alama yangu imepanda boti, cheti kimebaki Mwanza

SWALI: Shikamoo mwanasheria wetu. Mi nakaanga dagaa, nanunua Mwaloni Kirumba napakia nyumbani, stika yangu ina mtumbwi mwekundu na jina, alama ya biashara nimesajili BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara huku Bara, 2021 na cheti ninacho. Kuna kaka wa Unguja alikuwa anachukua mzigo kwangu kila mwezi, ghafla akakata. Juzi mwanangu kaenda Darajani kakuta paketi ileile, mtumbwi uleule, jina lilelile, ila dagaa si zangu na hata pilipili hamna! Nimempigia ananijibu, "Mama, huku alama ni ya kwangu, nimeshasajili." Inawezekanaje na nchi ni moja?
Mama Mtumbwi, Igoma

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Inawezekana kabisa. Nchi ni moja ndio, ila kwenye alama za biashara sheria ni mbili, sababu jambo hili halimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Huku Bara tuna sheria ya alama ya 1986 na BRELA yetu, Zanzibar wana Sheria ya Mali za Viwandani namba 4 ya 2008 na ofisi yao ya usajili ni BPRA. Kwahiyo cheti chako ukikipandisha boti pale Dar, kikishuka bandari ya Malindi kinakuwa karatasi tu. Sisi wa ziwani tumezoea mzigo unatoka Mwanza unaenda Bukoba, Musoma, Ukerewe, cheti ni hichohicho, tunadhani maji yote ni sawa kumbe ya chumvi yana sheria zake.

Niseme ukweli, Wazanzibari wamejitahidi. Walikuwa na sheria za enzi ya Mwingereza, 2008 wakaandika upya, wakaweka hataza (ulinzi wa uvumbuzi), alama, michoro ya viwandani mpaka majina ya bidhaa za asili ya mahali (mwenye karafuu anajua utamu wake hapo) vyote kwenye sheria moja, wakati Bara hadi leo alama ina sheria yake na hataza ina yake ya 1987. Kwa maoni yangu walituzidi. Ila sheria mpya haikuunganisha madaftari mawili ya usajili, na kule pia anayewahi kuomba ndo anatangulia, sasa mjanja aliyeona mzigo wako unatembea kakuwahi.

Au hajakuwahi, maana neno "nimesajili" watu wanalitumia vibaya mno. Usimwamini kwa mdomo. Tafuta wakili au wakala wa palepale Unguja, akupekulie daftari la BPRA kama hiyo alama imo, kwa jina la nani na toka lini. Nimeona mtu anatamba na "usajili" kumbe ana jina la biashara tu (soma jibu la pili hapo chini). Kama haimo, peleka maombi yako wiki hiyohiyo, usisubiri msimu. Kama ni maombi bado hayajapita, unayapinga. Kama kashasajiliwa kweli, unaomba usajili wake ufutwe kwa hoja kwamba alikuwa mteja wako na alijua fika mtumbwi ni wa nani, na hapo ndo meseji zake za oda, miamala ya simu, risiti za usafirishaji na picha za stika za zamani zinakuwa dhahabu. Naomba usibadilishe simu kabla hujazihifadhi mama!

Halafu angalia cheti chako umesajili daraja gani. Madaraja, yaani makundi ya bidhaa na huduma, yapo 45, dagaa wa kukaanga wako la 29, ila kama na ile pilipili unaiuza kwenye vichupa peke yake, hiyo ni la 30 na cheti cha 29 hakikusaidii. Na muda: Bara usajili wa kwanza ni miaka 7, wako unaisha 2028, ukihuisha ndo unapata 10. Zanzibar wanaanza na 10 moja kwa moja.

Kitu kimoja cha kukutuliza, hicho cheti chake hata kama ni halali hakiwezi kuvuka kuja huku. Akileta paketi zake Mwanza, mwenye mtumbwi ni wewe.

SWALI: Nina saluni Nansio, cheti cha jina la biashara ninacho, kuna mtu kafungua Bunda kwa jina hilohilo kasoro herufi moja. Nimfanyeje?
Kinyozi, Ukerewe

JIBU: Kwa cheti hicho, huwezi kumfanya kikubwa. Jina la biashara linatambulisha nani yuko nyuma ya biashara, halikupi umiliki wa jina lenyewe sokoni. Unachohitaji ni alama ya huduma, daraja la 44, unaomba BRELA onlaini ukiwa hapohapo Nansio. Ila kama jina lenyewe ni "Saluni Bora" au "Ukerewe Barber" usipoteze hela, watakukatalia. Weka neno la kwako, kisha uombe kabla mwenzio wa Bunda hajasoma ukurasa huu.