Muulize Tantine: Tulipe akonti ya India ao tungoje?

*Tantine, jambo. Niko na myaka 34, ndoa iko mu mwaka wa 6 sasa, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mwaka wa kwanza mimba iliharibika, bakanifanyia kiretaji (kusafisha tumbo la uzazi), toka pale hakuna kitu. Doktere alinipiga radio ya trompi (mirija ya uzazi), akasema zote mbili zimeziba. Sasa kuko papa moja anapelekaka batu India kutafuta mutoto kwa FIV (mimba inayoanzia mu laboratwari), alikuja kwetu na picha za mapacha mu telefone, akasema kule munachagua, mukitaka baboyi mbili banakuwekea, lakini tulipe akonti ya dola mbele mwezi iishe. Famille yote inachanga, hata mama mukwe ametosha pesa yake ya likelemba (ya kuchanga kwa zamu). Bwana yangu safari anakubali ila spermogramu (kipimo cha mbegu za mwanaume) anakatala, anasema iko na mutoto wa zamani kule Likasi, basi shida haiko kwake. Tulipe?*

Dada wa Katuba, huyo papa aendelee kungoja kwanza. Sisemi ni mwizi, simujui. Ila angalia: aliomba dola mbele ya kuomba kartasi hata moja. Hakuuliza myaka yako, hakuuliza radio ilionyesha nini, bwana yako hata hakumugusia. Kliniki inayojua kazi, iwe ya Delhi iwe ya Kampala, itaanza na kukuambia mutume vipimo vya wote wawili, njo waseme kama wanaweza kuwasaidia na kwa bei gani.

Na hiyo ya kuchagua boyi, kwa India ni uongo mutupu. Kule kuna sheria ya toka 1994 inayokataza kuchagua boyi ao binti, hata ekografi ya kawaida ya mimba hawakuambii ni nani anakuja, doktere akisema anaweza kufungwa. Sheria yao ingine ya 2021 inaweka na myaka: mwanamuke kuanzia 21 mpaka 50, bwana 21 mpaka 55, weye unaingia bila shida, ya bwana muangalie. Lakini kama huyo papa atageuza maneno akuambie kuko mwanamuke wa kukubebea mimba, kimbia, hiyo kwa wageni haiko tena.

Mapacha najua mama mukwe anayapenda, nani hayapendi, lakini ma doktere wengi siku hizi wanaweka ambrio (yai lililokutana na mbegu) moja tu, zinazobakia zinawekwa mu barafu, juu mapacha wanazaliwaka mara mingi mbele ya wakati na mama anapata tansio na kutoka damu. Ile mimba utaibeba kule wiki mbili, kisha unarudi nayo hapa, kuzaa ni hapa, na kuvezi zetu (masanduku ya joto ya watoto waliozaliwa mbele ya wakati) unazijua.

Sasa trompi. Kuziba kwake inaweza kutokea na ambukizo kisha mimba kuharibika, sawa yako, ao magonjwa ya zinaa yaliyopita bila mutu kujua. Na FIV hasa ilianzia kwa wamama wa hivyo: mutoto wa kwanza duniani, Louise Brown, alizaliwa Uingereza 1978, na mama yake alikuwa na trompi zilizoziba kama weye. Mayai wanayatoa kwa sindano, wanayakutanisha na mbegu mu laboratwari, ambrio inawekwa moja kwa moja mu tumbo la uzazi, trompi inarukwa. Kwa hiyo wazo la FIV si baya hata kidogo. Ila rudi kwa jinekologi na ile radio, umuulize swali moja: trompi zimejaa maji? Zikijaa, yale maji yanashuka yanaharibu ambrio, na mara mingi inafaa wazitoe ao wazifunge mbele ya FIV. Bora ujue ukiwa hapa Lubumbashi kuliko kuambiwa kule umekwisha kulipa.

Tuje kwa bwana, na hapa nitakaa kidogo juu njo penye munagongana. Mutoto wa zamani haonyeshi kitu juu ya mbegu za leo. Mbegu zinatengenezwa upya kila mara, inachukua kama miezi 2 na nusu, na zinaharibika na homa kali, na sigara, na pombe mingi, na joto. Hukuandika anafanya kazi gani, lakini kama ni mu ifonderi (penye wanayeyusha madini), pembeni ya furu siku nzima, hiyo peke inaweza kupunguza. (Siingii mu maneno ya yule mutoto wa Likasi, hayakuulizwa.)

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Asilale na weye siku 2 mpaka 7, atoe mu kikopo cha laboratwari, na kama anaona haya pale anaweza kutoa ku nyumba mradi kifike mbele ya saa moja kupita, akiwa amekificha mu nguo karibu na mwili kisipate baridi. Mu kapoti ya kawaida hapana, mafuta yake yanaua mbegu. Kipimo cha kawaida kinaanzia kama mbegu milioni 16 kwa mililita, ikitoka chini warudilie kisha miezi 3. Na hata zikiwa kidogo sana, toka 1992 kuna njia waliyoigundua Brussels, wanachukua mbegu moja tu wanaiingiza ndani ya yai na sindano. Mwambie hivi, bila kelele: siku ya kutoa mayai wataomba mbegu yake kwa lazima. Akikatala hapa mbele ya infirmiye mumoja, kule atajulia mbele ya ma doktere asiowajua, na tiketi mbili zimekwisha kulipwa.

Pesa sasa. Hesabuni mara mbili, juu ya kwanza mara mingi haishiki. Uingereza wanakohesabu kila kliniki, mwanamuke wa chini ya 35 anafika kuzaa kama mara 1 kati ya 3 kwa kila ambrio iliyowekwa, na kufika myaka 43 iko chini ya 1 kati ya 10. Kwa hiyo 34 yako ni muzuri, lakini usikae myaka 3 ukikusanya dola. Sindano zinachukua siku 10 mpaka 14, kisha kutoa mayai, kisha siku 3 ao 5 wanaweka, hesabu kama wiki 3 ao 4 za kulala na kula. Kama pesa inafika mara moja tu kwa India, muangalie karibu: Kampala wanazalisha watoto wa FIV toka 2004, Nairobi nako wanafanya, na Kenya iliwaondolea Wakongomani lazima ya viza mu 2023. Ukirudia mara ya pili, kwa Kampala ni tiketi ndogo, kwa India ni kuuza parseli.

*Tantine, karti yangu ya njano ni ya 2013, wananiambia imekufa nilipe ingine mbele ya kusafiri. — Papa wa Kamalondo*

Haijakufa, papa. Toka Julai 2016 chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa ya maisha, na zile za zamani nazo zimeingia humo. Angalia tu jina liwe sawa na la paspoti, juu India mutu anayetoka kwetu bila karti wanaweza kumufungia siku 6. Na anayekuomba pesa ya kuirudilia, umuombe akuonyeshe penye imeandikwa.