Kutafuta bodi ya Landrova 109 ukiwa Tanga: nilivyopata na nilivyoliwa

Wiki iliyopita kuna kijana wa Bagamoyo kaniandikia, ana Landrova 109 (ile ndefu, inchi 109 kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma) ya marehemu babu yake, imelala chini ya mwembe tangu yeye hajaanza shule, anataka kuifufua na ameniuliza swali moja tu: "Kaka shikamoo, madigadi na milango nitapata wapi?" Nikamjibu kwa mistari miwili halafu usiku nikakosa usingizi, maana hilo swali mimi nimelihangaikia miaka minne, na kwa hela iliyoondoka ningekuwa na kiwanja Kange, hapa Tanga, saa hizi. Kwa hiyo naandika yote hapa, kwa ajili yake na kwa wengine mnaoniuliza kila nikiweka picha.

Kwanza niseme tu, yangu imetoka mwezi uliopita. Series IIA (Landrova za zamani zilitoka kwa matoleo yaliyoitwa Series), 109, ya mwaka 1967, injini yake ileile ya petroli ya cc 2286. Nilimkalisha mama mbele tukaenda Pangani na kurudi, njia nzima watu wanapunga mikono, tulipofika kivukoni kuna mzee alikuja akaiwekea boneti viganja vyote viwili akasimama hivyo, hajasema neno, kisha akaondoka. Nitakuwa muongo nikisema sikujisikia vizuri. Nilijisikia vizuri sana na nilistahili.

Gari ilikuwa ya shamba moja la mkonge upande wa Muheza, baba alikuwa makanika pale. Mnajua wenyewe hadithi ya mkonge, mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha 1967, halafu kamba za nailoni zikaangusha bei duniani, shamba moja baada ya jingine likazimika, na magari nayo yakabaki pale pale yalipozimikia. Hii ilizimikia nyuma ya karakana. Baba akaja kuinunua kwa bei ya chuma chakavu, akafariki hajaiwasha. Mimi nilipoirithi ilikuwa na chesisi, injini, giaboksi na kama nusu ya bodi, milango ya mbele hamna, boneti hamna, madigadi ya kushoto haipo na ya kulia imekunjika kama karatasi uliyotaka kuitupa ukaghairi.

Sasa mdogo wangu, kabla hujauliza madigadi, elewa gari yako imetengenezwa na nini. Rover walipoitoa Landrova ya kwanza 1948 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgao, alminiamu ndiyo ilikuwa inapatikana, basi bodi wakaifanya ya alminiamu iliyochanganywa na magneziamu, ila chesisi na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu yako, ambao mafundi wengi wanauita fayawoli, wakaviacha vya chuma. Baba alikuwa ananielezea hivi nikiwa mdogo naona ni hadithi za kulalia, kumbe ndio somo lenyewe. Alminiamu haioti kutu ile nyekundu, chuma kinaota. Na sisi watu wa pwani tuna upepo wa chumvi, kwa hiyo popote alminiamu inapogusana na chuma, kwenye bolti, kwenye ribiti, kwenye ukingo wa mlango ambao kwa ndani una fremu ya chuma, chumvi na unyevu vikishaingia hapo alminiamu ndiyo inaliwa. Utaona rangi imevimba kama lengelenge, ukiikwangua kwa ukucha unatoka unga mweupe, kama unga wa muhogo ulioota unyevu, na chini yake bati limebaki jembamba unalitoboa kwa bisibisi bila kusukuma.

Kwa hiyo cha kwanza ni fayawoli. Mimi nilianza na madigadi kwa sababu ndiyo inaonekana, watu wakipita uani waone kazi inaendelea. Nikaja kugundua baadaye sana kwamba fayawoli imeoza pale pa kuwekea miguu pande zote mbili, na zile nguzo zinazobeba bawaba za milango zimebaki kutu tupu na rangi. Nguzo ikishaoza hata uletewe mlango mpya kutoka kiwandani haufungi, utaburuza chini au utaacha upenyo unaoingiza kidole. Ikabidi nifungue kila kitu nilichokuwa nimeshafunga. Miezi sita ilipotea hapo, sitaki hata kuielezea.

Haya, hiyo madigadi yenyewe. Kuna muuzaji wa Dar nilipewa namba yake, tukachati, akanitumia picha, madigadi ya kushoto imepakwa praima ya kijivu inang'aa, "ni ya 109 bosi, original". Nikatuma 380,000, ikaja na basi mpaka Kange, mimi nimeenda kuipokea asubuhi na bodaboda nimeishika mgongoni kama mtoto. Naijaribisha kwenye gari, matundu ya bolti mengine yanakuja mengine yanakataa, na kwa mbele pale nikiigonga inalia tofauti na kwingine, inalia kama imeshiba. Kuna fundi mzee wa kunyoosha bodi huku Ngamiani ambaye ndiye kanifundisha karibu kila ninachokijua, akachukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa akaanza kuipitisha taratibu. Alminiamu hainasi sumaku, hilo mnalijua. Sumaku ikateleza, ikateleza, ilipofika mbele tap, ikanasa. Tukakwangua. Puti unene wa kidole, chini ya puti kipande cha bati la kuezekea kimepigwa ribiti, chini ya bati tundu la taa.

Yaani ilikuwa madigadi ya gari la baadaye. Series IIA za mwanzo kama yangu taa kubwa zipo katikati, zimekaribiana, pale kwenye shoo, yaani uso wa mbele ya rejeta. Mwishoni mwa miaka ya 60 ndio zikahamishiwa kwenye madigadi, na Series III iliyoingia 1971 ikaendelea hivyohivyo. Huyu bwana alijua natafuta nini, akaziba tundu ili aniuzie. Nilipompigia akasema atanirudishia Ijumaa, Ijumaa namba haipatikani. Hadi leo nikisikia mtu anasema "original bosi" damu inanichemka, na sioni aibu kusema, kwa sababu kumdanganya mtu anayetafuta kitu cha baba yake ni dhambi ya peke yake.

Basi jamani, sumaku. Tembeeni na sumaku. Usilipe kwa picha, na kama ni lazima ulipe kwa picha basi muuzaji apige na futikamba imelazwa juu, apige na upande wa ndani, maana nje kila mtu anaweza kupaka praima, ndani ndio hawahangaiki. Na ujue gari yako ni ipi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha mbele kulia kinachoshika springi, sugua na brashi ya waya utaiona, na ile herufi ya mwishoni ina maana, inaonyesha marekebisho ya kiwandani ya kipindi hicho, muuzaji anayejua kazi atakuuliza herufi gani. Asiyeuliza, jiulize wewe. Ukikuta gari bovu porini limechanganywa vifaa, angalia dashibodi: geji zikiwa katikati hiyo ni II au IIA, zikiwa mbele ya dereva ni III, na fayawoli zake hazifanani.

Ila hilo la Dar ni hela tu. Kinachoniuma ni milango.

Kuna shamba lingine, barabara ya kwenda Korogwe, mlinzi akaniambia kuna 109 mbili nyuma ya korona ya zamani, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge. Nikaenda. Milango minne ya mbele, mizima, hata zile sehemu za juu zenye vioo vya kuteleza zipo, mmoja bado una maandishi ya shamba yamefifia. Msimamizi akataka 250,000 kwa yote minne. Mimi nikang'ang'ana 200,000. Nilikuwa nayo ile 250,000 mfukoni, mniamini, nilikuwa nayo, ila nikajifanya mjanja, nikasema nitarudi wiki ijayo atakuwa amelainika. Niliporudi nikakuta nyasi zimelala umbo la gari, na vipande vya mpira wa milango. Watu wa skrepa walipita siku mbili kabla na shoka. Alminiamu wanainunua kwa kilo, inaenda kuyeyushwa inakuwa sufuria. Nilikaa pale kwenye jiwe karibu saa nzima. Mama yangu alinunua sufuria mpya kipindi hicho hicho na nilishindwa kuiangalia.

Nyinyi vijana mnaopenda kupatana mpaka mwisho, nawaambia kwa uchungu, kwenye hivi vitu unashindana na tanuru. Mwenye nacho hajui thamani yake, mtu wa skrepa yupo njiani na mzani, ukikiona kizima na hela unayo, beba siku hiyohiyo. Na ukibeba andikishianeni, karatasi yenye sahihi ya anayeuza na mwenyekiti wa kijiji au mtaa awe shahidi, kwa sababu vifaa vya mashamba vimeibiwa sana na hutaki kusimamishwa njiani na milango minne kwenye pikapu huna maelezo. Kadi ya gari nayo iwe safi kabla hujaweka hata bolti moja.

Boneti niliipata kwa njia ambayo hakuna dalali angenipeleka. Nimeenda msibani kule Maramba, nimekaa na wazee, nikawa naeleza habari za gari la baba tu, siulizi kitu. Bibi mmoja akasema, "Si kama lile bati langu la kuku?" Tukaenda kuangalia. Boneti ya Series yenye lile shimo la kukalia tairi ya akiba, imegeuzwa paa la banda, mvua ikinyesha maji yanatuama kwenye shimo na kuku wanakunywa humo. Haikuwa na tundu hata moja. Bibi hakutaka hela, alisema hela itaisha kuku watalowa. Nikarudi Jumapili na bati tatu mpya, misumari na mbao mbili, nikamwezekea banda lote mwenyewe, ndio nikaondoka na boneti. Tangu hapo hiyo ndiyo njia yangu: nauliza kwenye misiba, kwenye harusi, kwa makanika wastaafu wa mashamba, kwa mapadri, kwa watu waliowahi kuwa madereva wa miradi kule Lushoto na Amani, na namuuliza mtu anahitaji nini badala ya kumuuliza bei. Madigadi ya kushoto na mlango wa dereva vimetoka huko huko kwenye midomo ya wazee. Mtandaoni nimepata taa za nyuma tu.

Madigadi ya kulia ile iliyokunjika hatukuitupa. Fundi wa kwanza niliyempa alitaka kuichomelea na welda ya kawaida akaitoboa, alminiamu inataka gesi ya agoni na mkono unaojua, usimpe kila mwenye miwani myeusi. Halafu alminiamu ukiigonga inakuwa ngumu, ukizidi kuigonga inapasuka. Yule mzee wangu wa Ngamiani anafanya hivi: anachukua kipande cha sabuni ya mche, anachora mistari juu ya bati pale palipokunjika, kisha anapasha moto kwa kuzungusha moto wa gesi polepole, bila kutulia sehemu moja. Sabuni inaanza kugeuka rangi, inakuwa ya maji ya kunde, inakaribia nyeusi, hapo hapo anatoa moto. Ukichelewa bati linadondoka bila kukuaga, maana alminiamu haiwi nyekundu kwanza kama chuma. Likipoa limekuwa laini kama mkate, unalirudisha kwa nyundo ya mbao na kifuko cha mchanga. Siku tatu, na ukingo wa madigadi umerudi kwenye mstari wake. Wakati wa kufunga tulikata vipande vya tyubu ya baiskeli tukaviweka kila mahali alminiamu inapokutana na chuma, na bolti zote zikapakwa grisi, ili chumvi isipate pa kuanzia.

Paneli mpya zipo, Uingereza wanatengeneza mpaka leo, hata fayawoli na chesisi zilizochovywa zinki unaagiza. Mwenye uwezo aagize fayawoli, hiyo sitakukataza, mimi mwenyewe nguzo za milango niliagiza kwa kuchangia kontena na wenzangu na sijutii. Ila madigadi, boneti na milango bado vipo huku kwetu, kwenye mabanda ya kuku na nyuma ya korona, kwa yeyote atakayewahi.

Kwa hiyo wewe wa Bagamoyo, kesho asubuhi nenda pale chini ya mwembe na bisibisi na tochi, inua zulia upande wa dereva, choma pale pa kuwekea miguu, choma na nguzo ya bawaba chini kabisa, kisha nitumie picha na namba ya chesisi na herufi yake. Mlango mmoja wa abiria ninao wa ziada, umeliwa kidogo ukingo wa chini, fremu nzima, siuzi kwa mtu wa skrepa hata anipe nini. Na mimi bado natafuta sehemu ya juu ya mlango wa nyuma yenye kioo chake, ukiiona huko mjini Bagamoyo au njia ya Msata, lipa, nitakurudishia siku hiyohiyo.