Ndege wa Shambani Kwangu Wameingia Kwenye Ramani. Nitanyang'anywa Ardhi?

SWALI: Nina shamba Langobaya, Kilifi, ekari kumi na mbili nilizoachiwa na baba. Juzi kijana mmoja alipita hapa na darubini na simu, akiandika ndege. Sasa kuna watu wanataka kukodi kipande wafungue timbo la mawe, nao wanasema watatazama kwanza "rekodi za ndege". Nani alihakikisha alichoandika yule kijana? Na akionekana ndege adimu, serikali si itachukua shamba?
– Mwenye Shamba, Langobaya

JIBU: Mzee wangu, hati yako haiguswi na ndege. Ardhi haigeuki hifadhi kwa sababu mtu ameandika jina la ndege kwenye simu. Hifadhi hutangazwa kisheria, na mwenyewe huwezi kukosa kusikia.

Sasa huyo kijana. Bila shaka anajitolea katika Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya ulioanza 2013, ambao Makumbusho ya Taifa na A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi la Watamu, wamo ndani yake. Nchi imegawanywa visanduku vya takriban kilomita 9 kwa 9. Mtu huzunguka kisandukuni mwake kwa saa mbili au zaidi, akiandika kila ndege kwa mpangilio aliomwona au kumsikia. Akituma orodha, mitambo huilinganisha na walioandikwa humo siku za nyuma. Hondohondo na mnana wa kawaida hupita bila neno. Akitokea ndege mgeni kwa kisanduku hicho, mwandishi huletewa fomu: ulimwona wapi, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, una picha? Wajuzi wa ndege husoma majibu, wakikubali au wakikataa. Akiwa nadra kwa eneo zima la Afrika Mashariki, kuna kamati maalumu ya ndege adimu, na hiyo haina huruma hata kwa wakongwe.

Kwenye ramani hiyo hakuna anayeona shamba lako, anaona kisanduku kizima, ambacho ndani yake mna majirani tele. Lakini kama kijana alituma picha iNaturalist, mtandao wa watu kupachika picha za viumbe, mambo ni tofauti. Huko rekodi hupanda daraja watu wengine wanapokubaliana naye kuhusu jina la kiumbe, kisha huingia GBIF, ghala la kimataifa ambalo yeyote hufungua bure. Viumbe walio hatarini hufichwa mahali pao halisi, nukta ikarushwa ovyo ndani ya mraba wa kama kilomita 22. Wa kawaida huonyeshwa pale pale aliposimama, isipokuwa mwenyewe achague kuficha. Kwa hiyo muulize aliandika wapi. Na kusema kweli, kuingia shamba la mtu bila hodi ni utovu wa adabu, hata ukiwa na darubini ya laki moja.

Ukaja kwenye timbo. Kwa sheria ya mazingira ya 1999, kazi kama hiyo hufanyiwa tathmini ya athari zake kwa mazingira kabla NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, haijatoa leseni, na mtaalamu wa hao wanaotaka timbo lazima aseme ni viumbe gani waliopo. Wataalamu wengi hufungua GBIF ofisini Nairobi, wakikuta kisanduku kitupu wanaandika "hakuna cha maana". Hapo ndipo ninapokasirika. Kitupu maana yake ni kwamba hakuna aliyekwenda. Mnana wa Clarke hapatikani popote duniani nje ya Kilifi, na viota vyake havikujulikana hadi 2013, vilipoonekana kwenye dimbwi la msimu huko msitu wa Dakatcha. Aliyepita pale kiangazi angeapa hakuna kitu. Basi waambie wataalamu hao waje shambani wenyewe, wakati wa mvua pia.

Jambo jingine wasilolisema: rekodi nyingi za iNaturalist zina leseni inayokataza matumizi ya kibiashara. Mtaalamu anayelipwa na kampuni anapaswa kumwomba ruhusa aliyeandika. Kijana wako ana sauti kuliko anavyojua, mtafute. Nawe usisaini mkataba wa kukodi kabla hujaisoma ripoti ya tathmini. Omba nakala, na kama kuna Kiingereza kigumu mwite mwalimu wa sekondari akusomee.

SWALI: Niliandika nimesikia bundi mdogo wa Sokoke hapa Mtwapa, nikaletewa fomu ya maswali. Wananiona mwongo?
– Binti wa Mtwapa

JIBU: La, binti yangu. Bundi huyo anajulikana Arabuko-Sokoke, Dakatcha, na ng'ambo Tanzania kwenye Usambara Mashariki, kwa hiyo Mtwapa lazima waulize. Mlio wake ni wa mfululizo, noti kadhaa moja baada ya nyingine. Yule bundi mdogo wa kawaida hutoa mlio mmoja wa kutetema, hunyamaza, kisha hurudia. Kama ulirekodi kwa simu, tuma sauti hiyo pamoja na saa uliyoisikia. Kama hukurekodi, rudi pale pale usiku, simu ikiwa na chaji.